Wewe Ulifanya Nini?

Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza chuo niliitwa kwenye usaili mmoja tu. Ulikuwa Dar es Salaam, ghorofa ya nne, chumba chenye kiyoyozi kikali na meza ndefu, watu watano upande mmoja na mimi peke yangu upande wa pili. Nilikuwa nimesomea ununuzi na ugavi. Usiku kucha nilikuwa nimekariri sheria, vifungu na taratibu za zabuni.

Swali la tatu halikuwamo kwenye daftari langu. Mama mmoja mwenye miwani aliniuliza: "Tueleze siku moja uliyogundua tatizo kazini. Lilikuwa tatizo gani, na wewe ulifanya nini?"

Nikajibu kwamba mimi ni mtu makini, mwaminifu, ninayependa kushirikiana na wenzangu na kujifunza mambo mapya.

"Binti," akasema kwa upole, "hizo ni sifa. Tunataka tukio."

Nilikuwa nalo. Nilipokuwa mafunzo kwa vitendo katika stoo ya hospitali moja ya mkoani, nilikuta leja inasema maboksi 40 ya glovu, na rafu ina 31. Mtunza stoo alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Ndiye aliyekuwa akinigawia chakula chake cha mchana siku ambazo sikuwa na nauli, sembuse hela ya kula. Nilikaa na ile tofauti siku tatu nikiogopa kuitamka. Siku ya nne nikamwambia, "Mzee, naomba tuhesabu pamoja." Tukahesabu. Kisha tukazunguka wodi moja baada ya nyingine, tukakuta maboksi tisa yalikwenda wodi ya wazazi usiku, wakati wa dharura, bila mtu kusaini. Nikachukua daftari la kawaida la kurasa mia, nikalichora mistari, likawa daftari la usiku. Nilipoondoka pale lilikuwa bado linatumika.

Yote haya yalinijia pale pale kwenye kiti. Lakini nilimwona mzee wangu akisimama mbele ya watu watano wasiomjua, na kwa dakika nzima, kabla sijafika kwenye wodi ya wazazi, wangemdhania mwizi. Isitoshe, tulihesabu wawili. Ningesemaje "nilifanya"? Nikanyamaza. Yule mama akasubiri, akaandika kitu, swali likapita. Kazi sikupata.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa swali lenyewe. Sisi tumelelewa na msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa nani aliyebuni swali linalomtaka mtu ajitembeze? Nikaanza kulitafuta lilikotoka. Nilitarajia kumkuta tajiri fulani wa Marekani.

Na kweli, mtu wa kwanza niliyekutana naye alikuwa tajiri wa Marekani, ila swali lake lilikuwa jingine. Mwaka 1921 Thomas Edison alikuwa akiwapa waomba kazi orodha ndefu ya maswali ya jiografia, historia na sayansi. Maswali hayo yalivuja, gazeti la New York Times likayachapisha, na nchi nzima ikaanza kujipima. Mwezi huohuo Albert Einstein alikuwa ziarani Marekani. Alipofika Boston akaulizwa mojawapo ya maswali ya aina hiyo, kasi ya sauti ni ngapi, akasema haijui kwa kichwa. Hayo yalikuwa mambo yanayopatikana vitabuni. Edison alipima kumbukumbu, kama mimi nilivyojiandaa usiku kucha kupimwa kumbukumbu.

Swali langu lilizaliwa miaka 20 baadaye, na waliolizaa walikuwa watu waliofeli.

Mwaka 1941, miezi michache kabla Marekani haijaingia vitani, kikosi cha anga cha jeshi la nchi hiyo kilianzisha mpango wa saikolojia ili kuchagua marubani. Aliyeuongoza ni mwanasaikolojia John Flanagan. Moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kupitia majalada ya wanafunzi 1,000 walioondolewa kwenye shule za urubani mwaka huo. Watafiti walitaka kujua jambo moja tu: vijana hawa walishindwa nini?

Majalada hayakujibu. Yaliandika kwamba huyu hana kipaji cha asili cha kurusha ndege, yule maendeleo yake hayatoshi, mwingine uamuzi wake ni mbaya. Ukisoma jalada kama hilo hujui kama kijana alishindwa kutua, alichelewa kuona ndege nyingine, au mwalimu wake hakumpenda tu. Kipaji cha asili hakionekani kwa macho. Kinachoonekana ni mkono uliovuta usukani mapema mno.

Flanagan na wenzake wakabadilisha namna ya kuuliza. Katika miaka ya vita waliwaomba wanajeshi waliotoka mapambanoni wasimulie matukio waliyoyashuhudia wenyewe, ambamo kitendo cha ofisa fulani kilisaidia kazi au kiliiharibu. Ofisa huyo alifanya nini hasa? Wakakusanya maelfu ya visa. Utafiti mwingine uliwalenga marubani waliorudi kutoka vitani. Waliombwa wakumbuke siku moja ambayo angani walipotewa kabisa na mwelekeo, wasijue juu ni wapi na chini ni wapi, kisha waseme waliona nini, walisikia nini, walihisi nini kabla ya hapo.

Niliposoma habari za utafiti huo nilisimama kidogo. Hilo lilikuwa swali langu, lenye sauti ileile ya mama mwenye miwani: kumbuka siku moja. Lakini hawa marubani hawakuwa wakiombwa wajisifu. Walikuwa wakieleza siku waliyokaribia kufa. Na majibu yao yalizaa mapendekezo ya kubadilisha mpangilio wa chumba cha rubani, mpangilio wa vipimo, na mafunzo yenyewe. Tukio likielezwa vizuri, wakati mwingine lawama humtoka mtu ikaenda kwenye kifaa. Ndiyo yaleyale ya glovu zetu: kilichokosekana hakikuwa uaminifu wa mzee, lilikuwa daftari la usiku.

Mwaka 1954 Flanagan aliandika makala ndefu kueleza mbinu hiyo, mbinu ya matukio muhimu. Kusanya vitendo vilivyoonekana, aliyeviona aseme alichokiona, na maoni yasubiri.

Kutoka ndege hadi ofisi kulihitaji msukumo mwingine, na huo ulitoka mahakamani. Katika jimbo la North Carolina, kwenye kituo cha umeme cha Dan River cha kampuni ya Duke Power, wafanyakazi Weusi walikuwa wakiajiriwa katika idara moja tu, ya vibarua. Mshahara wa juu kabisa wa idara hiyo ulikuwa chini ya mshahara wa chini kabisa wa idara nyingine zote. Tarehe 2 Julai 1965, siku sheria ya kukataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, kampuni iliongeza masharti: anayetaka idara nzuri lazima apasi mitihani miwili, mmoja wa akili kwa jumla na mwingine wa uelewa wa mitambo. Rangi haikutajwa popote. Lakini Wazungu walioingia zamani bila cheti cha sekondari walikuwa wakiendelea na kazi zilezile, na walizifanya vizuri.

Wafanyakazi 13 Weusi walishtaki. Kesi ikajulikana kwa jina la mmoja wao, Willie Griggs. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwa kauli moja kwamba kipimo kinachowafungia watu mlango lazima kihusiane na kazi inayoombwa. Tangu hapo mwajiri wa Marekani alilazimika kufikiri mara mbili: ninachouliza kinahusu kazi, au kinahusu aina ya watu ninaowapenda?

Miaka miwili baadaye David McClelland wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika makala akitaka watu wapimwe kwa umahiri badala ya akili. Aliombwa kusaidia kuchagua maofisa vijana wa serikali ya Marekani watakaofanya kazi nje ya nchi, maana mitihani ya zamani haikuonyesha nani angeifanya kazi hiyo vizuri. Yeye na wenzake wakawakalisha maofisa waliosifika na wale wa kawaida, wakawaomba wasimulie kwa kina siku walizofanikiwa na siku walizoshindwa. Alikiri kwamba mbinu hiyo ilitokana na ya Flanagan.

Kipindi hichohicho kampuni ya William Byham na Douglas Bray, iliyoanzishwa mwaka 1970, iliwafundisha wasaili kudai sehemu tatu katika kila jibu: hali au jukumu lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, matokeo yakawaje. Kwa Kiingereza herufi za mwanzo zinaunda STAR, yaani nyota. Na mwaka 1982 Tom Janz alilinganisha usaili wa kuuliza matukio yaliyopita na usaili wa kawaida wa mazungumzo, akakuta ule wa kwanza ulibashiri vizuri zaidi nani ataifanya kazi. Swali likaenea dunia nzima kwa miongozo ya kampuni na mashirika, mpaka likanifikia ghorofa ya nne.

Siwezi kusema historia hii ilinifanya nilipende. Swali lililozaliwa ili kukwepa maneno ya jumla sasa lina soko la majibu ya kukariri. Kuna vijana wanaokopeshana matukio kama wanavyokopeshana tai. Na linamdai tukio la kazini mtu ambaye hajawahi kupewa kazi. Kisha liko jambo la lugha na malezi yetu. Linataka "nilifanya", na sisi tumezoea "tulifanya", kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kweli, na kwa sababu anayejitoa katikati ya wenzake tunamwona hana haya. Linataka usimulie kosa la mwenzio, na sisi tumefundishwa sitara.

Lakini lilinifundisha kutofautisha mambo mawili niliyokuwa nimeyachanganya. Kusema "mimi ni makini" ndiko kujitembeza. Kusema "nilihesabu, nikakuta 31" ni kutoa ushahidi tu. Pale kwenye usaili nilikuwa nimejisifu kwa dakika mbili nikidhani ndiyo adabu, na nikaficha jambo pekee lisilo na majivuno ndani yake.

Usaili wa pili ulikuja baada ya mwaka mmoja na miezi. Safari hii nilisimulia glovu. Nilianza na wodi ya wazazi, ili asidhaniwe mtu vibaya hata kwa dakika moja, na nikasema wazi kwamba nilikaa kimya siku tatu na kwamba huko kukaa kimya kulikuwa kosa langu. Jina la mzee sikulitaja. Nilipopata kazi nilimpigia simu Singida, nikamweleza.

"Sasa jina langu ulilificha kwa nini?" akauliza. "Si tulihesabu wote, mwanangu?"

Mwaka jana nilikaa upande wa pili wa meza kwa mara ya kwanza. Nilikuwa mdogo kuliko wote kwenye jopo, kazi yangu kuandika. Aliingia kijana mwembamba aliyeomba nafasi ya msaidizi wa stoo. Akaulizwa lile swali. Akasema walikuwa wanapokea saruji, waligundua mifuko imelowa, waliikataa. Wali-, wali-, wali-. Nikaona mwenyekiti anaandika kwenye fomu yake neno moja: hajiamini.

Nilikumbuka majalada 1,000. Nikanyoosha mkono, na mkono wenyewe ulitetemeka.

"Mwenyekiti, naomba swali la nyongeza." Akaniruhusu. "Kaka, katika hao waliokataa, wewe mwenyewe ulifanya nini?"

Akatazama meza. Kisha akasema yeye ndiye aliyeombwa kusaini hati ya kupokelea, akamwambia dereva kwanza afungue turubai mpaka mifuko ya chini kabisa. Dereva akamtukana, akamwambia gari litalala hapo. Akakaa nalo mpaka saa mbili usiku. Hakusaini.

Mwenyekiti hakulifuta neno lake. Ila aliandika mstari mwingine chini yake, na kwenye alama akampa nne kati ya tano. Nafasi ilikuwa moja na kijana akashika ya pili, akaingia kwenye orodha ya akiba. Simjui alipo sasa.

Kwenye karatasi yangu hakuna sifa yoyote juu yake. Niliandika: alidai turubai lifunguliwe hadi chini, alisubiri hadi saa mbili usiku, hakusaini.