Bunduki ya Shabaha kwa Mtu wa Mshahara Mdogo

Ndugu msomaji, leo twende Uingereza, tukatazame habari za mchezo mmoja, na za watu waliotaka kuucheza lakini mifuko yao ilikuwa miepesi. Mchezo wenyewe ni kulenga shabaha kwa bunduki. Mchezaji hulala kifudifudi, hulenga duara jeusi lililochorwa mbali, hupiga, kisha pointi zake zikahesabiwa. Hapigwi mtu wala mnyama. Mshindi ni yule ambaye risasi zake zimekusanyika karibu zaidi na kitovu cha duara.

Mchezo huu una gharama mbili. Ya kwanza ni bunduki, kwa maana bunduki ya ovyo haipigi mahali pamoja mara mbili, hata ikishikwa na hodari. Ya pili ni risasi. Mtu hawi hodari bila kupiga risasi nyingi za kujifunzia, na kila inayotoka ni fedha imekwenda. Basi swali la somo letu ndilo hili: mtu wa mshahara mdogo alifanyaje hata akapata bunduki ya kushindana na matajiri?

Tuanze na matajiri. Chama cha Bunduki cha Taifa cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1859. Mwezi wa Julai mwaka 1860 kilifanya mashindano yake ya kwanza katika uwanja wa Wimbledon, karibu na London, na Malkia Victoria ndiye aliyeyafungua kwa kupiga risasi ya kwanza. Bunduki yake ilitengenezwa na Joseph Whitworth wa Manchester. Ilifungwa imara juu ya kitegemeo cha chuma, ikalengwa na mafundi, naye Malkia akavuta kamba ya hariri tu. Risasi ikaenda yadi 400, ikapiga karibu kabisa na kitovu. (Yadi moja ni futi tatu, yaani mita moja kasoro kidogo.) Watu walishangilia sana. Lakini kwa bunduki ile, iliyofungwa vile, hata mimi na wewe tungepata.

Bunduki ya Whitworth ililenga vizuri kwa sababu ya mtutu wake. Mtutu ni lile bomba la chuma ambalo risasi hupita. Bunduki za zamani zilikuwa na mtutu laini ndani, na risasi ilitoka ikiyumba. Baadaye mafundi walichonga ndani ya mtutu mifereji membamba inayozunguka kama kamba iliyosokotwa. Risasi ikipita humo hulazimika kuzunguka, na ikitoka huendelea kuzunguka kama pia ya watoto. Pia ikizunguka kwa kasi husimama wima bila kuanguka. Risasi nayo ikizunguka hushika njia moja. Whitworth yeye aliufanya mtutu wake uwe na pembe sita zilizosokotwa, akapima kila kipande kwa uangalifu mkubwa. Ilikuwa kazi ya ghali, na jeshi la Uingereza liliikataa bunduki yake, moja ya sababu ikiwa bei. Ikiwa serikali ilishindwa, kibarua angeweza wapi?

Miaka 40 ikapita hivyo. Kisha vikaja vita vya Afrika Kusini kati ya Waingereza na Makaburu, tangu mwaka 1899 hata 1902. Makaburu wengi walikuwa wakulima waliozoea bunduki tangu utoto. Mwezi wa Desemba mwaka 1899, penye mji wa Colenso, waliwapiga Waingereza vibaya sana. Miongoni mwa waliojeruhiwa na kufa pale alikuwa mwana wa Lord Roberts, jemadari mkubwa wa Kiingereza. Roberts mwenyewe alikwenda kuongoza vita vile, na aliporudi kwao aliona kwamba raia wa Uingereza hawajui kulenga, nao wanapaswa kujifunza. Mwaka 1901 kikaanzishwa Chama cha Vilabu vya Bunduki vya Wafanyakazi, naye akawa mkuu wake.

Angalia jina hilo: vya wafanyakazi. Mwaka ule ule wa 1901 Seebohm Rowntree alitoa kitabu juu ya umaskini katika mji wa York. Alionyesha kwamba kibarua wa pale alipata kati ya shilingi 18 na 21 kwa wiki, na kwamba familia ya baba, mama na watoto watatu ilihitaji shilingi 21 na senti zake nane za Kiingereza ili kula, kuvaa na kulipa kodi ya nyumba tu, bila gazeti wala nauli ya treni. Mtu kama huyo ukimwambia anunue bunduki mpya, unamdhihaki.

Dawa ya kwanza ilikuwa risasi ndogo. Mwaka 1887 huko Marekani ilitokea risasi ambayo upana wake ni sehemu 22 katika mia za inchi, yaani chini ya milimita 6. Ni kipande kidogo cha madini ya risasi, na baruti yake ni chache mno. Hailii kwa kishindo wala haimsukumi mpigaji begani. Kwa hiyo haikuhitaji uwanja wa maili nzima. Ilitosha kupata chumba kirefu cha yadi 25, na mwisho wake bamba nene la chuma la kuzuia risasi. Mfanyakazi aliweza kutoka kazini jioni, akapiga risasi zake kumi, akarudi nyumbani kwa miguu. Bunduki zilikuwa mali ya klabu, na watu walipokezana.

Dawa ya pili ndiyo inayonipendeza zaidi, nayo ni bunduki kuukuu. Tangu mwaka 1871 jeshi la Uingereza lilitumia bunduki iliyoitwa Martini-Henry. Ilichukua risasi moja tu kwa wakati. Askari alisukuma chini mkono wa chuma ulio nyuma ya kidole, mlango wa mtutu ukafunguka, akatia risasi, akaurudisha mkono juu, mlango ukafunga. Mwaka 1888 jeshi lilianza kuchukua bunduki mpya zenye kisanduku cha risasi nyingi, na zile za Martini zikaonekana za kale. Lakini fikiri, msomaji. Katika vita, risasi moja moja ni hatari kwa askari. Katika mchezo wa shabaha, ambapo mtu hupiga, hupumzika, hutazama, kisha hupiga tena, si kasoro hata kidogo. Na mtambo wa Martini ulikuwa na vipande vichache, imara kupita kiasi kwa risasi ndogo kama ile.

Jeshi lenyewe lilikuwa limekwisha kuonyesha njia. Lilitumia mrija uliobuniwa na Bwana Morris, mtutu mwembamba uliotiwa ndani ya mtutu mkubwa, ili askari wajifunze kwa risasi ndogo za bei nafuu. Mafundi wa Birmingham wakaendeleza. Mtutu mpana wa Martini uliondolewa, ukatiwa mwembamba. Au mtutu uliochakaa ulitobolewa ukawa mpana zaidi, kisha ukatiwa ndani yake mrija mpya wenye mifereji. Kampuni ya Parker-Hale ya mji huo ilijulikana sana kwa kazi hiyo. Sindano ya kugonga risasi nayo ilibadilishwa mahali, kwa sababu risasi kubwa ya jeshi hugongwa katikati ya kitako chake, lakini ile ndogo hugongwa ukingoni, ndiko iliko dawa ya kuwasha baruti. Mwishowe fundi alitia nyuma ya bunduki kibamba chenye tundu dogo la kuchungulia, chenye parafujo za kusogeza tundu juu, chini na kando.

Basi hapo ndipo ilipokuwa akili yao. Mtu wa fedha chache alilipia mambo mawili: kile kinachoigusa risasi, yaani mtutu, na kile kinacholisaidia jicho, yaani tundu la kulengea. Mengine yote yalibaki ya zamani. Ubao wenye mikwaruzo haupotezi pointi. Nimeona watu wakitumia fedha kwa vitu vingi, si bunduki tu, na mara nyingi hulipia kwanza kile kinachong'aa.

Jambo moja sipendi kulificha. Wakubwa wale hawakuwarahisishia wafanyakazi kwa ajili ya mchezo peke yake. Walitaka watu walio tayari kwa vita, na mwaka 1914 vita vikaja. Lord Roberts alikufa Ufaransa mwezi wa Novemba mwaka ule, akiwa na umri wa miaka 82, alipokwenda kuwatazama askari wa Kihindi. Vijana wengi waliojua kulenga wakiwa raia walikwenda kuzikwa huko huko. Chama cha wafanyakazi, ambacho mwaka 1903 kilibadilishwa jina, kiliendelea kuishi, na tangu mwaka 1947 ni Chama cha Taifa cha Bunduki Ndogo.

Sasa tuone bunduki kubwa. Mashindano makubwa yalihama Wimbledon mwaka 1890, yakaenda Bisley, ambako hupigwa shabaha hata za yadi 1000. Tuzo kubwa ilikuwa Zawadi ya Mfalme, nayo iligombewa kwa bunduki ya jeshi. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa Lee-Enfield, ambayo jina lake si geni katika Afrika ya Mashariki. Wazee wetu wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 walibeba bunduki za aina hiyo. Kwa kuwa wote walitumia bunduki ya namna moja, fedha hazikuweza kumtenga mshindani mbali sana na mwenzake. Mwaka 1930 Zawadi ya Mfalme ilichukuliwa na Marjorie Foster, mwanamke mfugaji wa kuku, wa kwanza katika wanawake kuipata. Alimshinda afisa wa jeshi kwa pointi moja.

Lakini bunduki za namna moja hazipigi namna moja. Mtutu wa Lee-Enfield ulilala ndani ya ubao mrefu, na ubao hunywa unyevu, hupinda, hukandamiza chuma. Ndipo ilipokuja kazi ya jamaa wa Fulton huko Bisley. Baba, George, alikuwa mshindi mwaka 1888. Mwanawe Arthur alishinda mara tatu, mwaka 1912, 1926 na 1931. Mjukuu, Robin, alishinda mwaka 1958. Fundi alikwangua ubao kidogo kidogo, mpaka ukaugusa mtutu pale tu alipotaka. Ilikuwa kazi ya mikono na subira, si ya vyuma vya ghali.

Tena bunduki hiyo ilikuwa na ajabu yake. Mtambo wake hufungwa nyuma, si mbele, kwa hiyo bunduki hutikisika risasi inapotoka. Hiyo ingekuwa kasoro, na kwa yadi 200 au 300 ni kasoro kweli. Lakini katika kutikisika, mdomo wa mtutu hupanda. Risasi yenye mwendo wa polepole huchelewa kutoka, hutoka mdomo ukiwa umeelekea juu zaidi, na hivyo kwa yadi 900 au 1000 huanguka karibu na wenzake wa kasi. Wapigaji wengi walijua siri hiyo, wakawa na bunduki moja ya karibu na Lee-Enfield ya mbali.

Mwaka 1968 mchezo ulihamia risasi ya milimita 7.62, iliyokwisha kuchukuliwa na jeshi. Watu walifanya kama wale wa Martini: mtambo wa Lee-Enfield ulibaki, ukatiwa mtutu mpya, mzito. Ila risasi hiyo ina nguvu kupita ile ya zamani. Sheria ya Uingereza ilitaka kila bunduki iliyobadilishwa hivyo ijaribiwe kwa risasi ya nguvu kupita kawaida katika nyumba ya majaribio, London au Birmingham, na kupigwa muhuri kabla ya kuuzwa. Bunduki si baiskeli, ndugu msomaji. Mtambo ukipasuka, unapasuka mbele ya uso wa mtu.

Katika miaka iliyofuata zilitokea bunduki zilizobuniwa kwa shabaha tangu mwanzo, na bei ikapanda tena. Lee-Enfield hazikutupwa. Bado hupigwa Bisley katika mashindano ya bunduki za kale, na baadhi yake zina juu ya chuma maneno madogo yanayosema kwamba zilirekebishwa na Fulton.