Kabla Doto Hajajulikana

Ukikutana na mtu anaitwa Doto, unajua tu kuna Kulwa aliyemtangulia. Majina haya ya mapacha tunayo karibu nchi nzima. Kwa mkunga, mpangilio huo una uzito wake: mara nyingi aliye hatarini zaidi wakati wa kujifungua ni huyo wa pili.

Kwa nini? Kulwa akishatoka, Doto anabaki na nafasi kubwa na anaweza kukingama. Kitovu kinaweza kumtangulia, au kondo la nyuma likaanza kubanduka mapema. Na kama hakuna anayejua kwamba yumo, sindano ya oksitosini, ile ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi, inaweza kuchomwa na mji wa mimba ukabana yeye akiwa bado ndani. Ndiyo maana wakunga hufundishwa kupapasa tumbo kwanza.

Kumjua Doto mapema kuna historia yake. Mwaka 1895 Mfaransa Adolphe Pinard alitoa fetoskopu yake, kile kitarumbeta ambacho mkunga hukiweka tumboni kusikiliza moyo wa mtoto. Lakini kutofautisha mioyo miwili kwa sikio si mchezo. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za altrasaundi, na mtoto akaanza kuonekana.

Huku Korogwe, kilichofanya altrasaundi itumike kwenye utafiti mkubwa wa wajawazito kilikuwa malaria. Kuanzia 2008 hadi 2010, watafiti wa NIMR na wenzao wa Copenhagen walitaka kujua malaria inaathirije ukuaji wa mtoto tumboni. Bila umri sahihi wa mimba huwezi kujua kama mtoto ni mdogo au ni njiti tu, hivyo wakapima kwa altrasaundi. Na kumbe, kipimo hicho hicho kinahesabu pia watoto.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Kwa mama wa kijiji cha ndani Handeni, kujua mapema maana yake ni kupanga nauli, kusogea karibu na hospitali, na kujifungulia penye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji. Uchungu ukishaanza, muda wa kuyapanga hayo haupo tena.