Silikanti wa Tanga ana ukoo wake

Wavuvi wa Kigombe, kusini mwa jiji la Tanga, hawakuwa wakimtafuta samaki huyu. Mwaka 2004 walikuwa wakitega jarife kwa ajili ya papa, kwenye kina cha mita 50 hadi 150, pale miamba inapokwisha na sakafu ya bahari kuporomoka kuelekea mkondo wa Pemba. Siku moja jarife likapanda na samaki mnene mwenye rangi ya samawati iliyokolea na mabaka meupe, magamba magumu, na mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama. Katika miezi iliyofuata wakanaswa wengine, Kigombe na vijiji vya jirani. Mwaka mmoja nyuma, Septemba 2003, mmoja alikuwa amenaswa Songo Mnara, Kilwa, naye ndiye wa kwanza kurekodiwa Tanzania. Wingi ule wa Tanga, hata hivyo, haukutarajiwa na yeyote.

Samaki huyo ni silikanti. Kwa miaka mingi wataalamu walimjua kwa mabaki yake yaliyogeuka mawe tu, wakaamini kwamba alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Imani hiyo ilivunjika Desemba 1938, meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilipomnasa mmoja karibu na mto Chalumna, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akiendesha jumba dogo la makumbusho mjini East London, alimwona kwenye rundo la samaki na akakataa kumwacha atupwe. Profesa J.L.B. Smith akampa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae, kwa heshima ya mwanamke huyo na ya mto ule. Smith alisubiri miaka 14 kumpata wa pili, hadi mvuvi wa Anjouan, Komoro, alipomvua mwaka 1952. Hapo ikabainika kwamba Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombessa. Nyama yake yenye mafuta mengi haikuwa na thamani kwao.

Basi kwa zaidi ya miaka 40 vitabu vikaandika kwamba makao ya silikanti ni Komoro. Aliyenaswa kwingine, kama yule wa Malindi mwaka 2001, alifikiriwa kuwa mpotevu aliyesukumwa na mikondo.

Asia ndiyo iliyolitikisa wazo hilo kwanza. Mwaka 1997 mtafiti Mark Erdmann na mkewe Arnaz Mehta waliona silikanti akisukumwa kwenye mkokoteni katika soko la Manado, kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Mwaka uliofuata wavuvi wa huko wakawapatia mwingine. Alikuwa wa rangi ya kahawia, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha tofauti kubwa kiasi kwamba mwaka 1999 alitangazwa kuwa spishi nyingine, Latimeria menadoensis. Kwa kadirio moja, wa Asia na wa Afrika waliachana miaka milioni 30 hadi 40 iliyopita. Utafiti wa Asia haujakoma: Oktoba 2024 wapiga mbizi walimpiga picha silikanti aliye hai katika maji ya Maluku ya Kaskazini, kwenye kina cha mita 144, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 2025.

Swali lililobaki likaihusu Tanga. Je, hawa nao ni wapotevu kutoka Komoro? Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, walishirikiana na wenzao wa Japani. Watu wa Aquamarine Fukushima, jumba la viumbe wa baharini lililotuma kamera kuwatafuta silikanti Indonesia, walizishusha pia kwenye makorongo ya bahari ya Tanga, wakawapiga picha wakiwa hai katika maji yao wenyewe. Vipande vya nyama vilipelekwa maabara nchini Japani, ambako kundi la Masato Nikaido na Norihiro Okada lilisoma vinasaba vyao herufi kwa herufi.

Jibu lilichapishwa mwaka 2011. Samaki wa kusini mwa Tanzania walifanana na wa Komoro, lakini wa Tanga walikuwa kundi la peke yao, lililojitenga angalau miaka 200,000 iliyopita na kuzaliana hapo hapo bila kuchanganyika na wengine. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa kuliko zote katika historia ya silikanti nchini, nayo haijasemwa vya kutosha. Kumbe Tanga si kituo cha wapita njia, ni nyumbani. Wakiisha hawa, Komoro haiwezi kutuletea wengine wa kujaza pengo.

Na kuisha ni rahisi. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliohesabu mistari ya ukuaji kwenye magamba ya silikanti 27 wa Komoro walimkuta mmoja mwenye umri wa miaka 84. Walikadiria kwamba samaki huyu huanza kuzaa akikaribia miaka 55, na mimba yake huchukua miaka mitano. Mama mmoja akinaswa Kigombe leo, pengo lake halitazibwa katika kizazi cha wavuvi waliopo. Wala kumrudisha baharini si dawa, kwa kuwa akishapandishwa kutoka kwenye baridi ya kilindini hadi maji ya juu yenye joto hudhoofika, na mara nyingi hufa. La maana ni jarife lisimfikie kabisa.

Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009, takriban kilomita 100 za pwani kaskazini mwa mto Pangani, ikikumbatia visiwa vya Toten, Yambe na Ulenge. Ulikuwa uamuzi mwema. Lakini pwani hiyo hiyo iliumizwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, ikawekewa mpango wa bandari mpya Mwambani uliopingwa na watetezi wa mazingira, na sasa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani. Wavuvi nao hawakukifuata kina kirefu kwa kupenda. Samaki wa karibu walikwisha kupungua.

Kwa hiyo anayemtaka silikanti aishi asianze kwa kumlaumu mwenye jarife. Ampe njia nyingine ya kupata riziki, kisha ayazuie majarife yasitegwe kwenye makorongo ya Kigombe na ya kijiji jirani cha Mwarongo. Watawala wa hifadhi, halmashauri na wenye miradi ya bandari na mafuta wana utafiti wa kutosha mezani kuanzia leo.