Sura ya Tajiri wa Kasongo: Picha na Jina la Tippu Tip

Neno "tajiri" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mfanyabiashara. Baadaye likamtaja pia mwenye mali, na hata bwana wa wafanyakazi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye Kasongo ilikuwa makao yake makuu katika Maniema, alikuwa tajiri kwa maana zote hizo. Makala hii inakusudia kuchunguza picha yake inafichua nini juu ya tabia yake, na inasitiri nini.

Mwishoni mwa karne ya 19, kazi ya kupiga picha huko Unguja ilishamiri katika studio za Wagoa, miongoni mwao A. C. Gomes na ndugu wa ukoo wa Coutinho. Mteja alijipamba, akaketi, akatulia. Picha za Tippu Tip zilizoenea vitabuni zafuata desturi hiyo: mtu mzima mwenye ndevu, mavazi nadhifu, uso usio na papara. Utulivu huo ulikuwa sehemu ya mtaji wake, kwani misafara ya bara iliendeshwa kwa mkopo. Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyemkopesha bidhaa, alihitaji kumwamini mtu ambaye angepotea machoni pake kwa miaka mingi.

Ama kuhusu jina lake la utani, lina habari nyingine. Stanley, aliyekutana naye Maniema mwaka 1876, aliona jinsi macho yake yalivyopepesa, na wako wanaosema kwamba jina lilitokana na kupepesa huko. Mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake. Livingstone naye aliambiwa kwamba maana yake ni mkusanyaji wa mali. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linaloonekana pichani: macho yametulia, bunduki ziko kimya, na mali iko nje ya fremu.

Hali kadhalika, tabia yake yajitokeza katika tawasifu yake, ambayo Heinrich Brode aliichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo asimulia jinsi alivyomshawishi mtawala wa Utetera kwamba yeye ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani. Akapewa utawala, na pembe za ndovu zikamfuata. Asimulia hila hiyo bila haya, kama mtu anayetoa hesabu ya faida.

Lakini hata tawasifu ina fremu yake. Njia ya kutoka Kasongo kupitia Kabambare hadi ziwa Tanganyika ilikanyagwa na wapagazi na mateka ambao hawakuketishwa studio, wala hawakuandika maisha yao. Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dhanis mwezi wa Aprili 1893, Tippu Tip akiwa amekwisha kurejea Unguja, alikofariki mwaka 1905. Kilichobaki kwetu Maniema ni lugha, iliyoitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, watu huru. Waliokuwa watumwa nao waliizungumza, wakawarithisha watoto wao. Basi mwanafunzi wa historia aitazamapo picha ya tajiri, na asikilize pia lugha hiyo, kwa maana ndimo ilimobaki sauti ya wale ambao kamera haikuwaelekea.