Vuga, Mazinde, Lushoto na Bungu

Kabla ya kuwapo Lushoto, mji mkuu wa Usambara ulikuwa Vuga. Huko alikaa Simba Mwene, mfalme wa Wakilindi, ukoo wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu katika karne ya 18 akawaulia Wasambaa nguruwe waliokuwa wakiwamalizia mashamba. Mji ulikaa juu ya kigongo cha mlima. Aliyetoka nyika alionekana mapema, na mgeni hakuingia ila kwa ruhusa.

Siku za Kimweri ye Nyumbai, Vuga ilifikia kilele chake. Kimweri aliwaweka wanawe kuwa machifu katika sehemu mbalimbali za nchi, na habari zote zikarudi Vuga. Mmisionari Krapf alifika mwaka 1848. Msafiri Mwingereza Burton alipokuja mwaka 1857 aliambiwa mji una nyumba kama 500 na watu kama 3,000. Zilikuwa nyumba za miti na nyasi, na ndiyo maana anayefika Vuga leo hakuti gofu wala ukuta wa kumwonyesha ukubwa ule. Wengi hudhani pasipo mawe hapakuwa na mji. Wanakosea.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na enzi ikagombewa. Mwanawe Semboja hakutaka kukaa mlimani. Alijenga Mazinde, chini, kando ya njia ya misafara iliyofuata bonde la Pangani, kwa sababu huko ndiko bunduki na bidhaa zilikopita. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliishambulia Vuga na kumfukuza Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri. Tangu hapo Vuga ilibaki na heshima, nguvu zikahamia Mazinde.

Wajerumani nao walianza kwa kuweka kituo Mazinde. Kisha, mwaka 1898, wakapanda mahali penye baridi, wakajenga boma na kupaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, mji huo ukapata mlango: mtu alishuka kwenye gari moshi akapanda mlima kwa kupitia Soni. Waingereza waliuteka Juni 1916, jina la Kijerumani likaachwa, ukabaki Lushoto. Gavana wao akawa na nyumba ya mapumziko hapo. Hivi ndivyo mji ambao Wakilindi hawakuujenga ulivyokuwa mji mkuu wa nchi yao.

Bungu haimo katika masimulizi haya, nami naona ni dhuluma. Iko upande wa kusini wa milima hiyohiyo, watu wake ni Wasambaa walewale, ila kiserikali iko wilaya ya Korogwe, kwa hiyo anayeandika habari za Lushoto huiruka. Wamisionari Wajerumani wa Bethel walikuwa na kituo hapo. Jirani ni Lutindi, iliyoanzishwa mwaka 1896 kuwalea watoto waliokombolewa utumwani; miaka michache baadaye ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, ikawa hospitali ya kwanza ya aina hiyo katika nchi hii. Majirani wengine ni Dindira na Ambangulu, penye mashamba ya chai. Upande wenye mambo kama haya hauwezi kuitwa pembeni.

Tunayajua ya Vuga kwa sababu Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi na kufanya kazi kwa Semboja, alisikiliza wazee akaandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka kwa sehemu kati ya 1895 na 1907, kikachapwa tena mwaka 1962. Bungu haijapata mwandishi wake. Walimu wa shule za Bungu, wapeni wanafunzi daftari wawaulize babu na bibi zao: nani alikaa kijiji kipi kwanza, soko lilikuwa wapi, njia ya kushukia Korogwe ilipita kwa nani. Yaandikeni pamoja na majina ya wasimulizi, mwezi huu, wazee wakingali hai.