Mchezo Uliozaa Riwaya: Historia ya Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ



Taarifa ya mwaka huhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, karo zilizolipwa na misiba iliyosaidiwa. Hiyo ni haki yake. Lakini nyimbo na hadithi za watu nazo ni mali, na mali isiyoandikwa daftarini hupotea bila mtu kuulizwa. Kwa sababu hiyo yafaa tukumbuke habari za kijiji kimoja cha nchi yetu kilichojijengea jukwaa, kikaigiza mchezo wa nyimbo, na mchezo huo ukazaa kitabu.

Desturi inayojulikana zaidi ulimwenguni ni kitabu kutangulia na mchezo kufuata. Charles Dickens wa Uingereza alitoa riwaya yake Oliver Twist kati ya mwaka 1837 na 1839, nayo yasimulia habari za yatima aliyezaliwa katika nyumba ya maskini. Mwaka 1960 Lionel Bart aliigeuza riwaya hiyo kuwa mchezo wa nyimbo uitwao Oliver!, ukaonyeshwa London. Bart hakujua kusoma wala kuandika noti za muziki. Aliimba tuni zake, na wengine wakaziandika. Tangu hapo mchezo huo umeigizwa na shule na vikundi vya watu wasiolipwa katika nchi nyingi.

Hapa Kenya, jumba la taifa la michezo ya kuigiza lilifunguliwa Nairobi mwaka 1952, lakini kwa miaka mingi lilitumiwa zaidi na wageni. Mwaka 1976 michezo miwili ya Waafrika ilitayarishwa ili kuiwakilisha Kenya katika tamasha kuu la Lagos la mwaka 1977: Betrayal in the City wa Francis Imbuga, na The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo. Katika jumba hilo lenye jina la taifa, michezo hiyo ilipata siku chache tu, kwa kuwa maonyesho ya kigeni yalikuwa yamekwisha kushika nafasi.

Wakati huo huo, watu wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, walikuwa wakianza jambo lao. Kijiji hicho kilitokana na siku za Hali ya Hatari, watu walipokusanywa kwa nguvu mahali pamoja. Wengi wa wenyeji walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na vijana wasio na kazi. Mwaka 1976 walianza masomo ya watu wazima katika kituo chao, kisha wakataka mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipewa kazi ya kuandika, na Kĩmani Gecaũ akauongoza. Mchezo uliitwa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Wasimulia habari za Kĩgũũnda, mtu maskini mwenye ekari moja na nusu, na jinsi kipande hicho kilivyomponyoka kwa hila za matajiri.

Maandishi ya kwanza hayakuwa neno la mwisho. Mazoezi yalifanywa hadharani, na kila mpita njia aliweza kusikiliza na kusahihisha. Wafanyakazi walieleza mishahara yao na taabu za kiwandani. Bibi mmoja mzee, asiyejua kusoma, aliwafundisha waandishi maneno ya nyimbo za arusi siku baada ya siku, mpaka yakakaa sawa. Profesa wa Chuo Kikuu alikuwa mwanafunzi wake. Kwa mikono yao wenyewe wanakijiji walijenga jukwaa la wazi na viti vya watu wapatao 2,000.

Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walitoka mbali kwa mabasi ya kukodi. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo leseni iliondolewa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa, mpaka Desemba 1978.

Humo kizuizini, juu ya karatasi za chooni, aliandika riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mũtharabainĩ, iliyotolewa mwaka 1980. Mwandishi aliyekuwa akiandika riwaya zake kwa Kiingereza alikuwa amejifunza jukwaani kwamba watu wake walikuwa na masikio kwa lugha yao. Riwaya hiyo ilisomwa kwa sauti. Jioni, jamaa walimkusanyikia mmoja wao aliyejua kusoma. Na katika vilabu vya pombe msomaji alinyamaza penye utamu wa hadithi mpaka bilauri yake ijazwe tena.

Mwaka 1982 kikundi kilikatazwa kuonyesha mchezo mwingine wenye nyimbo nyingi, Maitũ Njugĩra, na mwezi wa Machi polisi waliubomoa ukumbi wa kijiji. Viongozi wakaenda uhamishoni. Hata hivyo Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa Nairobi mwezi wa Mei 2022, katika lile lile jumba la taifa. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 2025.

Wanachama wenzetu, sisi Abagusii tunalo obokano, kinanda chetu cha nyuzi nane. Tunayo habari ya Moraa wa Ngiti aliyewatia moyo vijana, na ya Otenyo aliyemchoma Northcote mkuki mwaka 1908. Tunao vijana wa shule wanaoigiza kila mwaka katika mashindano. Kinachohitajiwa ni wazee kukaa na vijana hao, kusahihisha maneno na kufundisha nyimbo kabla hazijafukiwa pamoja na wenye kuzijua. Gharama yake ni ndogo: daftari, viti vya kuazima, na uwanja karibu na soko la Keumbu. Polisi waliweza kubomoa mbao za Kamĩrĩĩthũ, lakini nyimbo zilikuwa zimekwisha kuingia katika vinywa vya watu. Nyimbo zetu sisi hazijabomolewa na mtu. Zitapotea kwa kimya chetu tu.