Mirambo na Mauaji ya Njia ya Unyanyembe

Katika sinema za upelelezi mwuaji aghalabu huwa mmoja, na kila maiti mpya huongeza ukurasa katika jalada lile lile. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, ilikuwa na hadithi ya namna hiyo katika miaka ya 1870. Wasafiri waliuawa, mizigo ikaporwa, na jina lililofika pwani upesi kuliko mengine lilikuwa Mirambo.

Jina lenyewe lilikuwa kama hati ya mashtaka. Mtemi huyu wa Uyowa hakuzaliwa nalo. Ni jina la sifa za vita, na katika Kinyamwezi huelezwa kuwa maana yake ni maiti. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, akapigana na Waarabu wa Tabora. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu na akaona kushindwa kwao. Mwezi wa Agosti wapiganaji wa Mirambo waliingia Tabora penyewe, na Khamis bin Abdullah akauawa. Lakini Stanley yule yule alipokutana na Mirambo mwaka 1876, alimkuta mtu mpole wa maneno, mwenye adabu, wala si jambazi aliyemtazamia, wakachanjiana.

Mwishoni mwa 1878 Penrose, mhandisi wa misheni ya C.M.S., aliuawa na rugaruga katika Mgunda Mkali, ile nyika kavu iliyo baina ya Ugogo na Unyanyembe. Hapa ndipo jalada la mwuaji mmoja linapopasuka. Rugaruga hawakuwa kabila, wala hawakuwa jeshi la mtu mmoja. Walikuwa vijana wa vita waliofuata bwana yeyote mwenye bunduki na ngawira, na mabwana hao walikuwa wengi. Uchunguzi wa historia ya Wakimbu, hasa ule wa Aylward Shorter, unawaweka wauaji wa Penrose chini ya Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe aliyejijengea himaya Ukimbu, makao yake yakiwa Kiwele. Alikuwa na jicho moja. Na jina lake, chungu cha mawe, lamtaja mtu asiyevunjika. Bila shaka "watu wa Mirambo", kinywani mwa mpagazi aliyekimbia kuokoa roho yake, yaweza kuwa na maana ya rugaruga wowote. Mpagazi halaumiwi kwa hilo, lakini mwandishi wa historia aweza kulaumiwa.

Kesi ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa mkono wa Mirambo umo. Frederick Carter aliuongoza msafara wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji uliowaleta tembo wanne kutoka Bara Hindi mwaka 1879, ili kujaribu kama wangefaa kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mwezi wa Juni 1880, yeye na mwenzake Cadenhead wakiwa safarini kurudi pwani, walikuwamo ndani ya boma moja la Mpimbwe wakati lilipovamiwa na majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba. Wote wawili wakauawa. Utetezi wa Mirambo ulikuwa kwamba vita vilikuwa na wenye boma, na kwamba hakujua kuwa wamo Wazungu. Dk. Southon, mmisionari aliyekaa kwake Urambo tangu 1879, alimtetea.

Utetezi huo haukumfaa kitu. John Kirk, Konsuli Mkuu wa Uingereza, alikuwa Unguja, na habari kutoka Tabora zilichukua muda mrefu kumfikia. Kabla ya Mpimbwe alikuwa ameanza kuwasiliana na Mirambo kwa urafiki. Baada yake mlango ukafungwa. Mtawala aliyetaka kuelewana na Waingereza moja kwa moja, pasipo kupitia kwa wafanya biashara wa Tabora, alihukumiwa kwa vifo vya watu wawili ambao yawezekana hakukusudia kuwaua, nayo hukumu ikawa nyepesi kutolewa kwa sababu ya vile vifo vyote vilivyokwisha kuandikwa kwa jina lake.

Mirambo alifariki tarehe 2 Disemba 1884, na Nyungu naye katika mwezi huo huo. Nchi aliyoitawala Mirambo ingali ikiitwa Urambo.